Uwele wa Mwizi

Asubuhi ile Ide alipomwamkia Bibata kwa heshima, wanawake wote waliokuwa kisimani walinyamaza.

"Umelala salama, mama?" alisema Ide, kofia mkononi. "Watu wa nyumbani hawajambo? Na uchovu wa shamba?"

"Salama," Bibata akajibu.

"Tumshukuru Mungu." Ide akashika kamba, akamvutia ndoo mbili, akamjazia mtungi mpaka shingoni, akavaa kofia yake na kwenda zake. Hakumwaga hata tone.

Mgeni angesema, loo, mtu ana adabu huyu! Lakini kijiji kizima cha Koirazeno kilijua kwamba Ide alikuwa mtoto wa shangazi wa marehemu Hamani, mume wa Bibata, na mtoto wa shangazi ni mtani wako mpaka kaburini, wewe na mkeo na watoto wako. Kwa miaka ishirini na sita salamu ya Ide kwa Bibata ilikuwa moja tu: "We mtumwa, bado hujafa?" Naye Bibata humjibu, "Nakungoja wewe utangulie, nisiache mbwa wangu bila wa kumzika." Hata siku ya maziko ya Hamani, Ide alishuka kaburini kabla ya maiti, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Bibata, aliyekuwa amefungiwa ndani na wanawake wenzake, alisikia wanaume wakicheka kule makaburini, na kicheko kile ndicho kilichomwezesha kupumua siku ile. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu hapo.

Sasa mtu yule yule anamwita mama.

"Haya," alisema bibi Yaye, ajuza wa nyumba ya pili, akizungusha kitambaa kichwani. "Leo nimeona mambo. Ide anavuta maji kama bwana harusi ukweni."

Hakuna aliyecheka. Bibata alijitwisha mtungi akaondoka, na njia nzima alihisi macho ya wenzake mgongoni. Alipofiwa mara ya kwanza watu walikuja kumpa pole. Safari hii hakuna aliyesema pole, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kosa ni lake.

Chanzo kilikuwa masuke.

Hamani alirithi kwa babu yake uwele mrefu, suke lake linapita mkono wa mtu mzima, lina ndevu ngumu za kuwachoma ndege midomo. Uwele ule una ukaidi wake: uupande mapema, uupande ukiwa umechelewa, hauchanui mpaka siku zianze kufupika. Mvua za zamani zilikuwa zinausubiri. Mvua za siku hizi hazimsubiri mtu. Basi kijiji kizima kikahamia kwenye mbegu fupi ya haraka, na huwezi kumlaumu mwenye watoto. Hamani pekee ndiye aliyekataa, na alipokufa akabaki Bibata kukataa kwa niaba yake.

Lakini kila mwaka masuke ya Bibata yakawa yanafupika. Alidhani ni laana. Aliyemfungua macho ni Ramatu, binti wa kituo cha utafiti cha mjini, aliyekuja kwa pikipiki na daftari lake akipima uwele wa watu.

"Si laana, mama," Ramatu alimwambia. "Uwele hauna mlango. Unga wa maua ya jirani ukipeperuka, suke lako limeshaolewa huko. Hawa majirani ndio wanaokuharibia mbegu."

"Basi tuutie mlango."

Ramatu akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Ndipo akamletea mifuko ya karatasi ya kaki. Suke likichungulia tu kabla ya kutoa maua, livike mfuko, lifunge kwa uzi. Siku ile lilikuwa limechungulia moja tu shambani, kwa hiyo Ramatu akamwonyesha kwa hilo moja. Alizungumza kwa haraka, pikipiki ikiwa imewashwa, maana wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa mashariki. "Fanya hivi kwa mengine, jirani na jirani, usichanganye na ya nje. Nikija wakati wa mavuno nataka masuke thelathini mazuri. Yatawekwa kwenye chumba baridi, yatapimwa, yatazalishwa, na mbegu itarudi kwako. Yasipofika thelathini, mkubwa wangu hayapokei. Na mwakani, mama, nikuambie kweli, sidhani kama kutakuwa na cha kufunika."

Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi. Bibata alivika masuke arobaini, kila moja na mfuko wake, akayasimamia kama mtu anayelea mapacha. Alikwenda kuyahesabu asubuhi, akayahesabu jioni. Tufani ya mvua ikachukua sita. Yakabaki thelathini na manne.

Sasa siku ya mkosi. Asubuhi yake mwanawe Seini alipiga simu kutoka Abidjan. Hakuuliza shamba, hakuuliza mifuko. Alisema amepata chumba, anataka mkewe Salamatu amfuate. "Nawe mama utabaki na majirani," alisema. Majirani! Bibata alikwenda shambani moyo umemjaa, na alipofika alimkuta Ide anakatiza kutoka mnadani na wenzake wawili na punda.

"Aaa! Jamani njooni muone!" Ide alipaza sauti. "Hamani hakuwahi kumvika mkewe vizuri namna hii, sasa uwele wake unavaa kanzu! Mtumwa wee, umeanza kusilimisha masuke?"

Wenzake wakacheka. Ide akatoa kisu, akachagua suke nene kuliko yote, akalikata na mfuko wake, akauvua mfuko na kujivika kichwani kama kofia.

Hapo hapakuwa na jipya. Enzi za Hamani, kila mavuno Ide alikuja kwenye tita la mbegu, akachomoa suke bora kuliko yote, akakimbia nalo, na Hamani akamfukuza kwa fimbo mpaka kwenye mwarobaini wa mzee wa kijiji akipiga kelele, "Mwizi! Nikamatieni mwizi!" Kisha Hamani hurudi anahema na kufuta machozi ya kicheko. "Kaniibia tena yule mtumwa," husema, na siku hiyo hula vizuri.

Bibata aliyajua yote hayo. Lakini jembe lilikuwa mkononi, na chumba cha Abidjan kilikuwa bado kinamzunguka kichwani.

"Mwizi!" alisema. "Mwizi wewe! Ulimwibia Hamani maisha yake yote, sasa unamfuata mpaka kaburini?"

Neno lilikuwa lile lile la Hamani. Lakini Hamani alilisema akicheka, naye alilisema akitetemeka, na jembe ameliinua. Hata punda, nadhani, walisikia tofauti. Wenzake Ide wakatazama chini.

Ide akauvua ule mfuko taratibu. Akaunyoosha mikunjo kwenye paja lake, akalirudisha suke ndani, akaliweka juu ya kichuguu ambako halitakanyagwa.

"Uniwie radhi, mama," alisema.

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Mama, si umpelekee tu kokwa za kola umwombe msamaha?" Salamatu alisema jioni ya siku ile ya kisimani. Alikuwa mtoto wa Dosso mjini, ameolewa hapo mwaka wa pili, mpole lakini bado hajajua mtama ukoje na uwele ukoje. Mbele yao kulikuwa na kata ya dono, uji baridi wa uwele na maziwa ya mgando, na hakuna aliyeigusa.

Bibata, kwa kukosa usingizi na kwa kukosa akili, alikubali. Akanunua kola nane nyekundu, akazifunga kwenye jani, akamtuma Salamatu.

Salamatu alirudi upesi. "Amezipokea kwa mikono miwili. Amesema hana kinyongo. Amesema mama asijisumbue tena."

"Hakukutukana?"

"Hapana, mama. Amenipa na kiti."

Bibata akafunika uso kwa ushungi. Bibi Yaye, ambaye sikio lake halikupitwa na jambo, alikuja mbio na kigoda chake.

"Umempelekea kola?" alisema. "Kola kwa mtani? We mwanamke, umeogeshwa maji ya nini? Kola hupelekewa mgeni! Hupelekewa mtu baki! Ulikuwa umemuudhi, sasa umemtia muhuri."

"Nilikuwa nifanye nini?"

"Ungemtukana, mwanangu. Ungekwenda siku ile ile ukamwibia mbuzi." Yaye akatikisa kichwa. "Sasa sijui. Utani si nguo kwamba ikichanika unashona."

Alipoondoka, nyumba ikawa kimya kabisa. Salamatu, ili tu kuwe na sauti, akaanza kuzungumza mambo ya kuni. Siku hizi anakwenda kuokota mbali, alisema, nyuma ya kilima cha mawe ambako hakulimwi. "Na huko, mama, nimeona uwele mrefu kama wa baba Hamani. Nao una ndevu hivi hivi."

"Huo ni shibra," Bibata alisema bila kuinua uso. "Mwana haramu wa uwele. Anafanana na baba yake mpaka siku ya mavuno, kisha anamwaga punje zote chini. Wewe mtu wa mjini, utajuaje?"

"Labda," Salamatu akasema.

Aliondoka wiki mbili baadaye, na lori la mnadani. Alilia kidogo alipomkumbatia mama mkwe, lakini alipopanda juu ya magunia alikuwa anacheka na wasafiri wenzake, na Bibata hakumwona vibaya. Binti wa miaka ishirini, mumewe yuko mbali, afanye nini kwa mjane na mifuko yake ya karatasi? Usiku huo Bibata alisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea.

Akabaki na masuke thelathini na matatu. Alikwenda kuyaamkia kila siku. Mara nyingine sauti yake mwenyewe ilimshtua, kwa jinsi ilivyokuwa na kutu. Watu walimsalimu, ndiyo. Ide alimsalimu kuliko wote. Kila wakikutana: umelala salama, mama, na uchovu, tumshukuru Mungu. Na kila salamu ilimkata maini.

Ramatu alikuja mwishoni mwa mavuno. Waliingia shambani pamoja, Bibata mbele. Ramatu akakata uzi wa mfuko wa kwanza, akauvua.

Akavua wa pili. Akavua wa tatu, wa nne, akaanza kuvua haraka haraka.

"Mama," alisema, "uliyafunga moja moja?"

"Kila moja na mfuko wake. Kama ulivyonionyesha."

Suke lilikuwa refu, ndevu zake zimesimama vizuri. Lakini lilikuwa jepesi kama ufagio. Huku punje moja, kule punje mbili, katikati mapengo matupu.

Ramatu akakaa chini juu ya kichuguu. "Nilisema jirani na jirani," alisema polepole. "Masuke mawili ya mashina jirani, mfuko mmoja."

"Jirani?" Bibata alishangaa. "Wewe ndiye uliyeniambia jirani ndiye anayeharibu mbegu! Nikasema hata shina kwa shina nisiliamini."

"Jirani wa shamba jingine, mama. Si jirani wa shina." Alichukua suke moja akalipitisha vidoleni. "Uwele hutoa nyuzi za kike kwanza. Unga wa kiume huja siku mbili tatu baadaye. Suke likiwa limefungiwa peke yake, unga unapotoka nyuzi zimeshakauka. Linahitaji mwenzake ndani ya mfuko." Macho yakamjaa maji. "Kosa ni langu. Nilionyesha kwa suke moja. Nilikuwa naogopa mvua."

Waliyafungua yote. Kati ya thelathini na matatu, manne tu ndiyo yaliyokuwa na punje za kuitwa punje.

"Na yale yasiyofunikwa?" Bibata aliuliza, ingawa jibu alilijua. Yalikuwa yamesimama pale mbele yao, mafupi, manene, yamejaa, uso ule ule wa mbegu ya jirani.

"Nitarudi baada ya siku kumi nikielekea mji mkuu," Ramatu alisema akipanda pikipiki. "Mama, ukipata popote. Kwa ndugu, kwa shemeji. Popote."

Kwa ndugu gani? Bibata alibaki amesimama katikati ya mifuko. Aliiokota mmoja mmoja, akaikunja, kwa sababu ilikuwa karatasi nzuri na haistahili kutupwa. Alikuwa amefika kwenye mfuko wa ishirini na kitu, wenye mkunjo kama wa kofia, alipokumbuka sauti ya Salamatu. Nyuma ya kilima cha mawe. Nao una ndevu hivi hivi.

Sasa ilikuwa mavuno. Shibra ingekuwa imeshamwaga.

Alifika jua likiwa utosini. Nyuma ya kilima palikuwa na kishamba kidogo, hakizidi ukubwa wa nyua tatu, kimezungushiwa miba. Uwele ulisimama humo mara mbili ya urefu wa mtu. Masuke yaliinama kwa uzito. Bibata alishika moja, akalitikisa kwa nguvu zake zote. Haikudondoka hata punje moja.

Uwele huu haukuwa umepungua hata kidole. Ulikuwa ule wa mwaka alioolewa.

Upande wa pili wa kishamba Ide alikuwa anafunga matita. Alipomwona alivua kofia.

Bibata alijua la kufanya. Bibi Yaye alikuwa amemwambia: mwibie. Akaliendea tita lililo karibu, akalivuta kifuani kwake, akapaza sauti. "We mtumwa! Mali ya bwana wako unaificha nyuma ya mawe? Leo nimekukamata! Nachukua, na ukifungua mdomo nakuuza kwa Wafulani!"

Sauti ilikuwa imetoka vibaya. Ilitetemeka mahali pa kupaa, na neno la mwisho lilikatika. Akasimama na tita lake akingoja. Jamani, alingoja! Tusi moja tu, hata la mama yake mzazi, angelipokea kama mvua.

"Chukua, mama," alisema Ide. "Chukua yote. Ni mali ya mwenyewe. Mimi nilikuwa mwizi tu."

Alisema bila hasira. Alitazama masuke wala si yeye.

"Kila mwaka nilimwibia Hamani suke moja," akaendelea. "Cha kuiba kwa utani huwezi kukila jikoni kama chakula, kinapoteza utamu. Nikaja kupanda huku, mbali, ili asiuone; yake yalipoanza kufupika niliyatundika tu darini, nikapanda ya huku huku. Nilitaka siku moja auone kwa bahati mbaya. Ajue nimemlimia miaka yote nyuma ya mgongo wake. Aje aniibie, nimkimbize mimi, mpaka kwenye mwarobaini." Alikunjakunja kofia mkononi. "Miaka ishirini na miwili nilimngoja. Hakupita huku hata mara moja. Hakuwa mtu wa kuni."

"Ide," Bibata alisema.

"Naam, mama."

Ide akalishika tita, akamtwisha kichwani kwa uangalifu, akarekebisha kata ya kitambaa isimuumize. "Limekaa sawa, mama?"

"Limekaa."

Alitembea njia nzima masikio yameelekea nyuma. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyepiga kelele ya mwizi. Kulikuwa na upepo tu kwenye mabua.

Siku ya kumi Ramatu alirudi, akayahesabu mara mbili, masuke sitini na mawili, akayanusa, akayapima kwa kipande chake cha kamba. "Ni wenyewe huu," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeokota mtoto. "Huko nyuma ya kilima hakuna shamba jingine? Hata moja?"

"Hakuna kitu."

"Hata ningepanga mimi nisingepanga hivi. Mtu huyu alijuaje kwamba lazima utengwe?"

"Hakujua. Alikuwa anauficha."

Ramatu alifungua daftari kwenye paja. Palikuwa na mistari ya kujaza. "Jina la mbegu," alisoma. "Niandike Uwele wa Hamani, sivyo?"

Miaka miwili Bibata alikuwa amelala na jina hilo. Ndilo alilokuwa amelitaka tangu mwanzo: liingie kwenye chumba baridi, likae huko hata yeye akifa, hata Seini asiporudi. Aliangalia kalamu ya Ramatu imeshagusa karatasi.

"Hapana," alisema. "Andika Uwele wa Mwizi."

"Mama! Hili daftari linasomwa na wakubwa. Na mumeo je?"

"Mume wangu ndiye aliyempa jina hilo. Andika."

Ramatu akaandika, taratibu. "Na mkulima?"

"Ide, mtoto wa shangazi Kadi. Mtani wa Hamani."

"Jina nimeandika. Ila utani hauna nafasi hapa. Kuna kijiji, kuna mkoa, kuna simu."

"Basi uandike juu ya mstari," Bibata alisema. "Karatasi ni kubwa hiyo."

Kaskazi ya vumbi ilikuja, ikafunika kijiji miezi mitatu. Midomo ya watu ilipasuka. Seini alipiga simu mara mbili. Mara ya pili alisema Salamatu ana mimba, kisha laini ikakatika, na Bibata hakupata hata mtu wa kumpigia kigelegele. Alimwambia mbuzi wake. Mbuzi alitafuna kamba.

Alitamani kumweleza Ide habari ile kuliko mtu yeyote duniani. Ide angesema, "Maskini mtoto, amechagua ukoo wa watumwa." Walikutana siku hiyo hiyo penye mashine ya kusaga. Ide alishasikia. "Hongera, mama," alisema. "Mungu amlete salama."

"Amina," Bibata akajibu, akarudi nyumbani kabla unga wake haujasagwa.

Wingu la kwanza lilipoanza kujikusanya, Ramatu akaja, safari hii na gari la kituo na katoni mbili. Watu wakakusanyika kwenye kibanda cha mkutano, wanaume huku, wanawake kule, maana mbegu ya bure haikosi watu. Bibata alikaa pembeni mwa mkeka, peke yake, kama alivyozoea.

Ramatu alieleza kwa lugha ya kueleweka. Alisema uwele uliochukuliwa Koirazeno umepimwa, na hakuna ndani yake hata chembe ya ile mbegu fupi. Alisema kweli unachelewa, kwa hiyo mtu asiuache ule wa haraka. Lakini kwenye bonde lenye unyevu, na mahali penye ndege wengi, mtu akipanda mistari michache hatajuta. Kituo kilikuwa kimeuzalisha msimu wa kiangazi kwa maji ya bomba, kwa kuufunika jua mapema ili uamini siku zimefupika. Kila nyumba inayotaka itapata pakiti moja. Ya kwanza akampa Bibata, kwa kuwa ndiye aliyehangaika. Bibata akaiweka mapajani.

"Na jina lake?" aliuliza mzee wa kijiji. "Kila mbegu ina jina."

Ramatu akamtazama Bibata kidogo, kisha akainua pakiti juu akaisoma ilivyoandikwa, kwa sauti.

"Uwele wa Mwizi. Mkulima, Ide, mtani wa Hamani."

Mtu mmoja alikohoa. Bibi Yaye alishika mdomo. Kila jicho likamgeukia Ide, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na nguzo, na Bibata peke yake hakugeuka. Aliangalia pakiti. Aliona imeandikwa kwa herufi za mashine, neno mtani likiwa limebanwa juu ya mstari kwa kalamu, dogo, limepinda. Alijua kwamba kama safari hii Ide atasema ahsante, mama, basi imekwisha, na yeye hatakuwa na la kujaribu tena.

Alisikia mtu anainuka. Alisikia ndala zikiburutwa kwenye mchanga, zikapita kwa wanaume, zikavuka upande wa wanawake, zikasimama mbele ya mkeka wake. Hakuinua kichwa.

Mkono ukashuka, mkono wa mkulima, kucha zimekatika. Ukaichukua pakiti mapajani mwake. Ukaitumbukiza ndani ya kanzu.

"Mtumwa hapandi kabla ya bwana wake," Ide alisema. "Na wewe, hivi bado hujafa tu?"

Kisha akageuka, mzee mzima wa miaka sitini na ushei, akainua pindo la kanzu, akatoka mbio kuelekea kwenye mwarobaini.

Bibata alijikuta amesimama. Ndala moja ilikuwa mguuni, nyingine ilikuwa mkononi ameinua, na machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Mwizi!" alipiga kelele, na sauti yake safari hii ilipaa yenyewe. "Mwizi! Jamani, nikamatieni mwizi!"

Hakuna aliyenyanyuka kumkamata.